Neno likikosewa na wote, je, bado ni kosa?

Mwalimu wa Jioni ameuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa wiki nzima sasa. Ninafundisha Kiingereza kwa watu wazima, na katika insha ya mwanafunzi mmoja nilipiga mstari mwekundu chini ya sentensi tatu. Ya kwanza ilisema “I was literally dead with joy”, ya pili ilikuwa na maneno “less mistakes”, na ya tatu ilisema “Everyone must bring their book”. Kwa kila moja nilikata alama, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa nami nikiwa mwanafunzi: kwamba “literally” ni neno la jambo lililotokea kama lilivyosemwa, bila sitiari, kwamba “less” ni kwa vitu visivyohesabika kama maji na “fewer” ni kwa vitu vinavyohesabika kama makosa, na kwamba “everyone” ni umoja, kwa hiyo hufuatwa na “his”, au “his or her”, wala si “their”.

Siku iliyofuata mwanafunzi huyo alinijia baada ya kipindi, akiwa na kamusi mkononi, akasema kwa adabu, “Mwalimu, samahani, naomba unieleweshe.” Akanifungulia kurasa tatu, na matumizi yote matatu yalikuwa yameandikwa humo, mengine yakiwa na dokezo kwamba wapo wasioyapenda. Nilimjibu kwamba kamusi huandika kila kinachosemwa, hata makosa. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba sikuwa nimemjibu. Kamusi hiyo ni mimi niliyewaagiza wanafunzi wainunue. Ikiwa siku inapomtetea mwanafunzi ninaiambia si hakimu, basi hakimu ni nani?

Ninauliza kwa moyo mweupe kabisa. Watu wote wakilikosea neno kwa namna moja, na wakaendelea kulikosea kwa miaka mingi, je, bado ni kosa? Sipendi kuwa mwalimu anayemwadhibu mtu kwa Kiingereza kilicho hai, na vilevile sipendi kumwachia mwanafunzi aende mbele ya watu na sentensi itakayomfanya adharauliwe. Nimrudishie alama zake au nisimrudishie?

Mfasiri Mkongwe amejibu:

Mwalimu, nianze na sentensi ya tatu, kwa kuwa hapo ndipo, kwa maoni yangu, mwanafunzi wako ameonewa. Matumizi ya “they” na “their” kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haikutajwa yamo katika maandishi ya Kiingereza tangu mwaka 1375 hivi, na Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, na Shakespeare waliyatumia wote wawili. Waliosema kwamba “everyone” ni lazima ifuatwe na “his” ni wanasarufi wa karne ya 18, yaani watu walioikuta desturi yenye umri wa karibu miaka mia nne wakaamua kuikataza. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi, maana tukisema “kila mtu alete kitabu chake” hakuna anayeuliza kama huyo mtu ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hakikujaliwa neno la namna hiyo katika umoja, kwa hiyo wasemaji wake walikwenda kuliazima kwenye wingi.

Tena, hawakuwa wakifanya hivyo kwa mara ya kwanza. Neno “you” unalolitumia darasani kila jioni lilikuwa la watu wengi. Mtu mmoja aliitwa “thou”. Kwanza “you” lilipewa mtu mmoja mwenye cheo, kwa heshima, kisha likashuka kwa wafanyabiashara, kisha likawa la kila mtu, hata kufikia karne ya 17 “thou” likawa linatoweka katika mazungumzo ya kawaida. George Fox, mwanzilishi wa dhehebu la Kikristo la Waquaker, alichukizwa sana na hali hiyo. Mwaka 1660 alichapisha, pamoja na wenzake, kitabu kizima cha kuwakemea waliomwita mtu mmoja “you”, wakikusanya ushahidi wa lugha nyingi kuonyesha kwamba umoja ni umoja na wingi ni wingi. Kimantiki hoja yake ilisimama imara. Lakini leo hakuna mwalimu anayempunguzia mwanafunzi alama kwa kumwambia rafiki yake “you are late”, ingawa kitenzi “are” kimebaki pale na sura yake ya wingi kama kovu la kidonda cha zamani. Mimi nikiwa mfasiri kijana niliwahi kuipigania “his or her” katika kila ukurasa, na nilipoisoma historia hii ndipo nilipoiacha, kwa sababu niliona kwamba nilikuwa nikiilinda kanuni ambayo lugha yenyewe haikuwahi kuikubali.

Kuhusu “less” na “fewer”, kisa chake ni kifupi. Neno “less” lilitumiwa pamoja na vitu vinavyohesabika tangu enzi za mfalme Alfred, katika karne ya 9. Mwaka 1770 Robert Baker, katika kitabu chake cha maoni kuhusu Kiingereza, aliandika kwamba yeye anaona “fewer” linapendeza zaidi katika mahali fulani. Aliliandika kama pendekezo la ladha yake, na waliomfuata wakaligeuza kuwa sheria. Ninakubali kwamba kwetu sheria hiyo huingia akilini bila taabu, kwa sababu tunasema “makosa machache” na “maji kidogo”. Lakini hebu utazame upande wa pili wa mizani: Kiingereza husema “more water” na “more mistakes” kwa neno lilelile, na hakuna anayelalamika kwamba hesabu na ujazo vimechanganywa.

Limebaki “literally”, ambalo ndilo linalowakera watu kuliko yote. Matumizi yake ya kutilia mkazo jambo la kisitiari yanapatikana katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1769, na kamusi ya Merriam-Webster imeyaorodhesha tangu mwaka 1909, kwa hiyo si uvumbuzi wa vijana wa simu. Zaidi ya hapo, ni njia ambayo maneno mengine yalikwisha kupita. Neno “very” lilitoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya “kweli”. Watu walilitumia kuthibitisha ukweli wa jambo, halafu wakalitumia kuongeza uzito, hata maana ya kwanza ikakauka. Neno “really” nalo limepita njia hiyo. Na sisi je? Mtu akisema “nimechoka kweli”, hashindani na aliyesema kwamba amechoka kwa uongo; anataka tu uchovu wake upimwe kwa kilo kubwa zaidi. Neno la ukweli huchukuliwa na wasemaji kuwa neno la mkazo, labda kwa sababu kila anayetaka kuaminiwa huanza kwa kudai kwamba anasema kweli.

Hata hivyo sisemi kwamba kalamu yako haikuwa na sababu. Sentensi ya mwanafunzi wako ingekuwa na nguvu zaidi bila neno hilo, kwa maana “dead with joy” inajitosheleza. Hilo ni shauri la mtindo, na linastahili kuandikwa pembeni ya ukurasa kama shauri, si kukatiwa alama kama kosa la sarufi.

Umeuliza hakimu ni nani. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba watu walitarajia kazi yake iisimamishe lugha isibadilike tena, na kwamba yeye mwenyewe kwa muda alijipa tumaini hilo, lakini baada ya miaka ya kazi aliona kwamba si akili wala uzoefu unaoliunga mkono. Mtunga kamusi anayedhani anaweza kuihifadhi lugha isioze, alisema, anastahili kuchekwa. Mtu aliyetumia miaka mingi akiyapima maneno moja baada ya jingine ndiye aliyekataa kuwa hakimu wa milele.

Kalamu Nyekundu amejibu:

Ninayaheshimu maelezo ya Mfasiri Mkongwe, na kuhusu “their” sina ubishi. Lakini ninaona ameuruka upande mmoja wa jambo, nao ndio upande ninaouishi kila siku kwa kuwa kazi yangu ni kusahihisha miswada ya watu. Kujua kwamba lugha hubadilika hakumsaidii mtu anayeandika leo kwa ajili ya msomaji wa leo. Neno likiwa safarini kutoka maana moja kwenda nyingine, hupita katika kipindi ambacho baadhi ya wasomaji wamesimama huku na baadhi wamesimama kule, na katika kipindi hicho ndipo watu wanapoacha kuelewana bila wao wenyewe kujua kwamba hawajaelewana.

Niliwahi kupokea ratiba ya kazi iliyosema mikutano itakuwa “biweekly”. Nilielewa kila baada ya wiki mbili. Wenzangu wawili walielewa mara mbili kwa wiki. Kamusi zinakubali maana zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu mwenzake, na kazi iliharibika vilevile. Winston Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, anasimulia jambo linalofanana na hilo, ila lake lilikuwa zito zaidi: maofisa Waingereza walitaka hoja fulani iwe “tabled”, wakiwa na maana kwamba iwekwe mezani ijadiliwe mara moja, na maofisa Wamarekani wakapinga kwa nguvu, kwa sababu kwao neno hilo lina maana ya kuiweka hoja kando isijadiliwe. Walibishana kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zikitaka kitu kimoja.

Kuna maneno mengine ya aina hiyo. Neno “nonplussed” lilitoka katika maneno ya Kilatini yenye maana ya “hakuna zaidi”, yaani mtu aliyeduwaa asijue la kufanya. Leo Wamarekani wengi wanalitumia kwa mtu ambaye hakushtuka hata kidogo. Neno “quite” mbele ya sifa, kwa Mwingereza mara nyingi hupunguza, na kwa Mmarekani huongeza, kwa hiyo kazi iliyoitwa “quite good” inaweza kumfurahisha mmoja na kumvunja moyo mwingine. Neno “sanction” ni kuruhusu, tena ni kuadhibu. Najua mtasema kwamba hata sisi tuna “azima”, ambalo hutumiwa kwa anayetoa na kwa anayepokea, na bado tunaelewana. Ni kweli, lakini tunaelewana kwa sababu viambishi hutuonyesha nani anampa nani: “niazime” na “nimeazima” hazichanganyiki. Kiingereza hakina msaada huo, neno husimama peke yake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa “inflammable”. Kiambishi cha mwanzo hapo kimetokana na Kilatini chenye maana ya “ndani”, kwa hiyo neno lina maana ya kitu kinachoweza kuwashwa moto. Lakini Kiingereza kina kiambishi kingine chenye sura hiyohiyo na maana ya kukanusha, kama katika “incomplete”, na msomaji angeweza kudhani kwamba kitu hicho hakishiki moto. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kuzuia moto, National Fire Protection Association, kilihimiza watu waandike “flammable” badala yake, na leo ndilo linaloonekana kwenye matangi na makopo. Hapo watu hawakukaa wakisubiri lugha ijiamulie. Walichagua, kwa sababu kutokuelewana kungeweza kuua. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba juhudi za kulinda maana ni ubishi wa wazee.

Kwa sababu hiyo ninasikitika ninapoona “disinterested” likimwagika. Ni neno linalomwelezea hakimu au mwamuzi asiye na maslahi yake katika shauri, na hakuna neno jingine moja linalosema hilo vizuri kama hilo. Watu wakilitumia kwa maana ya mtu asiyevutiwa na jambo, kazi ambayo tayari inafanywa na “uninterested”, tunakuwa na maneno mawili kwa maana moja na hatuna lolote kwa maana ya pili. Hiyo ni hasara.

Ushauri wangu kwako, Mwalimu, unatoka kwa Bryan Garner, mwandishi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza cha Marekani. Kwa kundi hili la maneno ametumia jina la “skunk”, mnyama mwenye harufu kali anayefanana na kicheche, kwa maana kwamba neno limeshapata harufu na kila utakayemkaribia nalo atakunja pua: ukilitumia kwa maana ya zamani vijana hawatakuelewa, ukilitumia kwa maana mpya wazee watakudharau. Analoshauri ni kuliepuka hadi vumbi litulie. Mwanafunzi wako angefundishwa hivyo kuhusu “literally”. Mimi nisingemrudishia alama hiyo.

Mchimba Asili amejibu:

Mwalimu ameuliza kama kosa la watu wote bado ni kosa. Ninayo maneno manne ya Kiingereza ambayo yalizaliwa kwa kosa, na leo hakuna anayekumbuka.

“Apron” zamani lilikuwa “napron”. Watu walisikia “a napron” wakadhani ni “an apron”, na ile “n” ikahamia kwenye neno la jirani. Nyoka aitwaye “adder” alikuwa “nadder”, na mwamuzi wa mchezo, “umpire”, alikuwa “noumpere”. Mara nyingine herufi ilihama kwa upande wa pili: “an ekename”, yaani jina la nyongeza, likakatwa vibaya likawa “a nickname”. Aliyekuwa wa kwanza kusema “an apron” alikuwa amekosea bila shaka yoyote. Atakayesema “a napron” leo ndiye atakayesahihishwa.

Kabla ya kuwashangaa Waingereza tujitazame. “Kitabu” ni neno la Kiarabu ambalo lilikuja likiwa zima, “kitab”, na ile “ki” ni sehemu ya mzizi wake. Masikio yetu yaliisikia kama kiambishi cha ngeli, tukasema “vitabu”, na tangu hapo hakuna wa kuturudisha nyuma. “Kiberiti” na “viberiti” ni hivyohivyo. “Msumari” lilikuwa “mismar”, tukaipa miiba yetu ya chuma wingi wa “misumari” kama vile ni miti. Na ninayoipenda kuliko zote ni “kipilefti”, amri ya Kiingereza ya kumwambia dereva akae kushoto, ambayo kwetu imekuwa nomino yenye wingi wa “vipilefti”. Ni kosa lililofanywa kwa kufuata kanuni zetu kwa uaminifu mkubwa, na ninaliona kuwa ushahidi wa afya ya lugha, kama kidonda kinachofunga chenyewe.

Jambo moja zaidi ambalo linaniuma. Mtu anayesema “aks” badala ya “ask” huchekwa na kuhesabiwa kuwa hakusoma. Lakini Kiingereza cha kale kilikuwa na sura zote mbili, Chaucer aliandika “axe”, na katika Biblia iliyotafsiriwa na Coverdale mwaka 1535 mahali pa “ombeni, nanyi mtapewa” pameandikwa “axe”. Sura hiyo haikuzaliwa kwa uvivu wa ulimi. Ni ndugu wa miaka mingi aliyenyimwa urithi. Kwa upande mwingine, neno “island” lina “s” isiyotamkwa ambayo iliingizwa na wasomi waliodhani kwamba linatokana na “isle”, lenye asili ya Kilatini, kumbe ni neno la Kiingereza cha kale ambalo halikuwahi kuwa na “s” yoyote. Neno “could” nalo lilipewa “l” kwa kuiga “would” na “should”. Makosa ya wasomi yaliingia katika tahajia na kila mtoto analazimishwa kuyakariri, ilhali sura iliyo sahihi kihistoria inaitwa kosa kwa sababu ya watu wanaoitumia. Mwalimu anapoishika kalamu nyekundu, ningependa aijue habari hiyo.

Binti Kamusi amejibu:

Ninaongeza kwa kifupi. Yapo mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaita makosa, ingawa ni makubwa kuliko ya “literally”. Neno “computer” linaonekana katika Kiingereza tangu mwaka 1613 likiwa na maana ya mtu, yaani binadamu anayefanya hesabu. Ni katika karne ya 20 tu ndipo mashine ilipomnyang’anya jina, na sisi tulipolipokea kama “kompyuta” mtu alikuwa ameshatoka ndani yake. Neno “broadcast” lilikuwa la mkulima anayetawanya mbegu kwa mkono kabla halijawa la redio. Wasemaji wa Kiingereza bado husema “hang up” kwa kumaliza mazungumzo, ingawa hakuna chochote kinachotundikwa ukutani, na sisi bado “tunakata simu”, ingawa neno “simu” lenyewe linatokana na Kiajemi likiwa na maana ya waya, na waya wenyewe haupo tena.

Ninadhani tunaliita badiliko kosa pale tu tunapokuwa tumeishi pande zake zote mbili. Mwalimu wa Jioni hakatii mtu alama kwa kutumia “nice” kwa maana ya kitu kizuri, ingawa neno hilo lilianza katika Kilatini likiwa na maana ya mjinga, likaingia katika Kiingereza likiwa na maana ya mpumbavu, likapita kwa mtu mwenye kuchagua-chagua, likafika kwa kitu kinachohitaji umakini, na katika karne ya 18 ndipo likatulia kwenye kupendeza. “Silly” lilisafiri kwa upande wa pili: lilikuwa la mtu mwenye heri, likawa la asiye na hatia, likawa la wa kuhurumiwa, na mwishowe likawa la mpumbavu. Wote waliohuzunishwa na safari hizo wamekwisha kufa. Sisemi hivyo kwa kudharau huzuni ya Kalamu Nyekundu, maana mtu aliyelipenda neno kwa maana moja hupoteza kitu halisi linapoondoka.

Mfasiri Mkongwe amejibu:

Ndugu Kalamu Nyekundu, mifano yako ya “table” na “biweekly” imenifanya nikubali kwamba nililijibu swali la historia kuliko swali la mwandishi. Nina neno moja tu kuhusu “disinterested”. Katika karne ya 17, lilipoanza kutumika, maana yake ya awali ilikuwa hiyohiyo unayoiita mpya, yaani mtu asiyevutiwa, na “uninterested” ndilo lililokuwa la mtu asiye na upande. Baadaye yalibadilishana mahali. Kwa hiyo wanaolikosea leo wanalirudisha lilikotoka, japo hawajui.

Kalamu Nyekundu amejibu:

Ninashukuru kwa taarifa hiyo, na nimeihakikisha. Haibadilishi msimamo wangu. Msomaji wa hukumu anapoambiwa leo kwamba mwamuzi alikuwa “disinterested”, hasaidiwi na yaliyotokea katika karne ya 17; anahitaji kujua kama mwamuzi alikuwa mwadilifu au alikuwa akisinzia. Tofauti hiyo ilijengwa na vizazi kadhaa vya waandishi makini, na nitaendelea kuilinda katika kila mswada unaopita mikononi mwangu, kwa kuandika neno lisiloweza kueleweka vibaya pale ninaposhuku kwamba msomaji hatakuwa na hakika.

Mwalimu wa Jioni amejibu:

Ndugu zangu, nimesoma kila jibu mara mbili na nimefanya uamuzi, ingawa sehemu moja yake bado ninaipima.

Alama ya “their” nitairudisha, na nitamwomba radhi mwanafunzi mbele ya wenzake, kwa sababu nilimkosoa mbele ya wenzake. Sikujua kwamba kanuni niliyoitetea kwa miaka yote hiyo ilikuwa changa kuliko desturi niliyoiadhibu. Alama ya “less” nitairudisha pia, lakini nitamwambia wazi kwamba wapo wasomaji watakaomhukumu kwa neno hilo, na kwamba katika barua ya kuomba kazi “fewer mistakes” haitamgharimu chochote, achague akijua. Nadhani hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta bila kujua namna ya kulisema, kwamba kumwambia mwanafunzi “hili ni kosa” na kumwambia “hili litachukuliwa na wengine kuwa kosa” ni maneno mawili tofauti, na mimi nimekuwa nikiyasema kwa wino mmoja.

Kuhusu “literally” nimebaki katikati ya Mfasiri na Kalamu Nyekundu. Alama sitaikata tena, kwa kuwa siwezi kukata alama kwa neno lililofuata njia ya “very” na ya “kweli” yetu. Lakini pembeni mwa sentensi nitaandika kwamba furaha yake ilikuwa kubwa vya kutosha bila msaada, na nitamwomba aisome kwa sauti ikiwa na neno hilo na bila neno hilo, kisha aniambie mwenyewe ipi imemfikia msikilizaji.

Kesho jioni kabla ya kurudisha madaftari nitaandika ubaoni “a napron”, na chini yake “kitab”, nami nitawaachia darasa watafute ni kosa gani limefanyika katika yale maneno mawili na ni nani aliyelifanya.